Kazi Ndogo za Nyumbani kwa Watoto wa Miaka 3 Hadi 8, Kiangazi na Masika: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Tabora

Likizo ya Juni ikianza, wazazi wengi hapa Tabora hubandika ratiba ukutani: mtoto atandike kitanda, afagie uwanja, aoshe vyombo, amwagilie bustani. Wiki ya kwanza inakwenda vizuri. Wiki ya pili ratiba bado ipo ukutani, mtoto yuko kwa jirani, na mama anafagia mwenyewe huku akinung'unika.

Mara nyingi hapo hakuna uvivu. "Fagia uwanja" kwa mtoto wa miaka 5 ni kazi isiyo na mwisho. Hajui uwanja unaishia wapi, jani jingine la mwembe linaanguka kabla hajageuka, na wa kusema "imetosha" ni mtu mwingine. Mpe kazi iliyoletwa na msimu, yenye mpaka anaouona kwa macho yake na kitu cha kuonyesha ikiisha, utaona tofauti.

Hatua zilizo hapa chini zinafuata misimu yetu miwili: kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, na mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Orodha nyingi za mitandaoni zimeandikwa na watu wenye theluji. Zisomeni kwa burudani tu.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Ungo mdogo wa mtoto mwenyewe. Wa jikoni ni mpana mno, ataumwaga.
- Visado viwili na kopo moja la kupimia. Kisado kilichowahi kubeba rangi kitumike kwa udongo na takataka tu, kisiguse chakula.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa kifuniko matundu sita au saba kwa msumari uliopashwa moto (kazi hiyo ni yako).
- Ufagio mwepesi. Chukua wa kawaida, ufungue, toa nusu ya njiti, ufunge upya.
- Kamba ya katani ya mita kumi na vijiti vinne vya kuchomeka ardhini.
- Mkeka, jamvi au turubai safi la kuanikia. Viroba vilivyobeba mbolea au dawa ya shamba havifai hata vikifuliwa mara ngapi.
- Viatu vinavyofunika vidole, kofia, sabuni na maji ya kunawa.

## Hatua ya 1: Chagua kazi moja

Moja tu, na iwe ile ambayo msimu umeileta mlangoni. Karanga zimetoka shambani? Basi ni karanga. Ratiba yenye kazi sita humfundisha mtoto kukwepa sita kwa mpigo, nawe huwezi kusimamia zote huku sufuria iko motoni.

Kaa na kazi hiyo wiki mbili kabla ya kuongeza nyingine. Siku atakapoufuata ungo wake bila kuitwa, ongeza.

## Hatua ya 2: Pima kazi kwa mwili wake

Wa miaka 3 na 4 anaweza kuokota, kupanga, kuhesabu na kufukuza kuku. Dakika kumi zinamtosha. Wa miaka 5 na 6 anaweza kutenganisha kibaya na kizuri, kugeuza vitu vilivyoanikwa na kumwagilia. Wa miaka 7 na 8 anaweza kuanza kazi na kuimaliza, ilimradi mtu mzima yupo karibu.

Kwenye maji watu hukosea zaidi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtoto wa miaka 5 ana uzito wa kilo 18 hivi, kwa hiyo lita mbili ni mzigo wa kutosha kwake. Ndoo ya lita kumi kichwani mwa mtoto wa miaka 6 ni kama nusu ya uzito wake, hata kama unaona watoto wengine mtaani wakiibeba.

Kisima, jiko la mkaa, panga, kisu na dawa za shamba si vya umri huu. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe muda wote, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika hata goti lake.

Na kwa nyumba zinazolima tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui na kwingineko: mtoto asiguse majani mabichi ya tumbaku, hasa yakiwa na umande au maji ya mvua. Nikotini hupenya kwenye ngozi, na dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kichwa kuuma. Si kuchuma, si kufunga, si "kumshikia mama kidogo". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi hatarishi, na tumbaku mbichi mikononi mwa mtoto wa miaka 6 ni hatari bila ubishi.

## Hatua ya 3: Weka mpaka unaoonekana

Kabla hujamwita, tayarisha mahali. Kama ni kufagia, chomeka vijiti vinne, zungushia kamba, upate mraba wa hatua tatu kwa tatu. Kama ni karanga, weka kopo. Kama ni kumwagilia, ni chupa moja kwa mti mmoja.

Usiseme "hadi ziishe". Sema "hadi kopo lijae". Mtoto anayeona kopo limefika nusu anajua amebakiza nini. Anayelitazama gunia anaona gunia tu.

Ukimsikia anasema mwenyewe "nimemaliza", na ukienda kuangalia ukakuta kweli amemaliza, mpaka umekaa sawa. Akija kuuliza "bado?", mpaka wako haueleweki. Upunguze.

## Hatua ya 4: Onyesha, fanyeni pamoja, kisha jitenge

Siku ya kwanza fanya wewe, polepole, maneno machache. Siku ya pili fanyeni wote. Siku ya tatu kaa pembeni ukimenya vitunguu vyako, umwone bila kumsimamia.

Kisha jizuie kurudia kazi yake mbele yake. Hili linawashinda watu wengi, na bibi zetu ndio vinara. Mtoto anafagia, bibi anafuata nyuma kwa ufagio wake, "hapa umeacha, mjukuu wangu". Kesho yake mjukuu hafagii, na ana haki: wa kufagia si yupo? Kama kuna jani limebaki, liache lilale. Kama ni jambo la afya, mfano karanga yenye ukungu, muite mrekebishe pamoja.

## Hatua ya 5: Karanga, Juni na Julai

Kama utachagua kazi moja kutoka hapa, chagua hii. Ina mikono, ina macho, ina hesabu, na jioni inaliwa.

Kagua ukavu. Chukua karanga yenye ganda, itikise sikioni. Ikilia ndani, imekauka. Isipolia, irudishe juani.

Kubangua. Mtoto huanza kwa kuminya katikati ya ganda, penye ugumu. Haitapasuka, ataipeleka menoni. Mzuie mapema, kwani ganda lina vumbi na linaweza kuwa na ukungu. Mwonyeshe ile ncha iliyochongoka kidogo: gumba juu, kidole cha shahada chini, minya hapo, ganda linafunguka kwa mlio mdogo. Kwa wa miaka 4, pasua wewe, yeye atoe punje.

Usiloweshe karanga ili ziwe laini kubangua. Najua wengi hufanya hivyo. Unyevu huo ndio kuvu wanaoutaka.

Kuchambua. Kwenye ungo, tenga mafungu matatu: nzima na safi, zilizovunjika, na zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Mwanzoni kaa naye na mwulize kila punje anayositasita, "hii ya wapi?" Baada ya siku chache jicho lake litakushinda.

Fungu la tatu si la mchezo. Baadhi ya kuvu wa karanga na mahindi hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kupika au kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 ilileta maafa Dodoma na Manyara. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, ila kutoa punje zilizosinyaa na zenye ukungu hupunguza sana hatari. Usiwape kuku wala mbuzi, fukia. Kugusa na kufukia fungu hilo ni kazi yako; mtoto ananyoosha kidole tu. Wote mnawe kwa sabuni.

Tahadhari ya koo. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asile karanga nzima. Humpalia na kuziba njia ya hewa. Mdogo akiwa mkekani, mkae karibu, na msichekeshane mkiwa na karanga mdomoni. Wa umri huo apewe zilizotwangwa laini ndani ya chakula.

Kopo moja kwa siku linatosha, maana baada ya hapo gumba linaanza kuuma na kazi inageuka adhabu. Ukiona uwekundu kwenye ncha ya gumba, simamisha hata kama kopo halijajaa.

Karanga hizo zitwangwe na ziingie kwenye mboga siku hiyohiyo, iwe kisamvu au majani ya kunde, na mtoto aone zinavyomiminwa. Mezani mtaje: karanga hizi kabangua fulani. Maganda ayamwage kwenye shina la mgomba au mpapai.

## Hatua ya 6: Michembe na matobolwa, Juni hadi Agosti

Viazi vitamu vikiwa vingi, kila nyumba inaanika. Michembe ni viazi vibichi vilivyomenywa na kukatwa vipande. Matobolwa huchemshwa kwanza. Kukata na kuchemsha ni kwa wakubwa. Kata vipande vya unene unaolingana, kama nusu sentimita, la sivyo vyembamba vitakauka na vinene vitaoza.

Kazi za mtoto ni nne: kupanga, kugeuza, kulinda na kuanua.

Kupanga kunampendeza hata wa miaka 3. Apange mstari kwa mstari, kipande kisilalie kipande kingine, kwani vilivyolaliana huota ukungu katikati. Anawe kwanza, hasa kwa matobolwa, maana yataliwa hivyohivyo bila kupikwa tena. Kugeuza ni mara moja, saa sita au saa saba mchana.

Kulinda ndiko kwenye raha. Mkalishe kivulini na kijiti kirefu. Kuku wa Tabora hawaji mbele yako, wanazungukia nyuma ya jamvi kana kwamba wanapita njia, halafu mmoja anadonoa na kukimbia. Mtoto ataligundua hilo mwenyewe na atahamisha kiti chake. Zamu iwe dakika ishirini, kofia kichwani, maji ya kunywa karibu. Akifukuza kuku hadi barabarani, zamu imeisha. Ukiwa na kichanja cha juu, kuku hawatasumbua sana, lakini utakuwa umeifuta kazi tamu kuliko zote.

Kuanua ni kabla jua halijazama, umande usije ukaharibu kazi ya mchana. Ahesabu visado: vingapi leo?

Baada ya siku tatu au nne za jua kali, mpe kipande cha mchembe akivunje. Kikikatika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda, bado. Tobolwa halitakatika hivyo; likikauka huwa gumu la kutafuna, lisiloacha unyevu kidoleni.

## Hatua ya 7: Vumbi na majani, Agosti hadi Oktoba

Nyunyizia maji yaliyosuuza vyombo kwanza, dakika tano baadaye mtoto afagie mraba wake. Bila hivyo atakohoa na vumbi litarudi palepale.

Majani yarundikwe na yaondolewe siku hiyohiyo. Rundo lililolala usiku mtoto asiliguse, kwani nge na nyoka hupenda humo. Mkubwa alipekue kwanza kwa fimbo ndefu. Kuchoma majani watoto wakiwepo, hapana.

Jioni, chupa moja ya matundu kwa mche mmoja. Mpe mche wake na asimwagilie wa mwingine.

## Hatua ya 8: Maembe yanapodondoka, kuelekea Novemba na kuendelea

Kila asubuhi kabla ya chai, mtoto aokote yaliyoanguka na kuyatenga kwenye visado viwili: mazima na yaliyooza au kutoboka. Funza walio ndani ya embe bovu ni watoto wa nzi wa matunda. Embe likiachwa chini, funza hutoka, huingia ardhini na kurudi wakiwa nzi. Mkubwa achimbe shimo la nusu mita, yamwagwe humo, yafukiwe na kukanyagwa. Ukiyafukia juujuu umewapandia.

Utomvu wa kikonyo unababua midomo, kwa hiyo embe lioshwe kabla ya kuumwa. Kurusha mawe na kupanda mti ni mambo watakayofanya tu. Sheria yako iwe kwamba kisado hakikai chini ya mwembe huku mtu yuko juu.

## Hatua ya 9: Kupanda kunde, mvua zikishakaa

Kunde ni zao zuri la mtoto kwa sababu linaota haraka, kabla hamu haijakwisha. Mahindi muachie baba yake.

Usipande kwenye mvua ya kwanza. Chomeka kidole chako ardhini hadi kiungo cha pili. Udongo ukiwa na unyevu hadi huko, anza. Pima bustani ya mita moja kwa mita moja. Funga mafundo kwenye kamba kila sentimita 20, itandaze, mtoto atoboe kwa kijiti kila penye fundo. Weka alama ya sentimita 3 kwenye kijiti asizidishe. Mbegu mbili kila shimo, afukie kwa kiganja.

Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, ambazo nyingi hutiwa rangi kama waridi, nyekundu au kijani, mtoto asizishike kabisa. Tumia kunde za kula zilizo safi. Zungushia miiba, kuku wale wale wa michembe bado wapo.

Miche ikichomoza ndani ya wiki moja, mmefaulu. Shimo lisilootesha, apande tena. Ikiwa na majani ya kutosha, kama wiki ya nne hivi, achume machanga machache kila mche na aache kichomozi, ile ncha ya juu inayoendelea kukua. Yakizidi mboga ya siku, yachemsheni na kuyaanika, ndiyo nsansa ya kiangazi kijacho.

Ngurumo zikianza, wote ndani. Chini ya mwembe si mahali pa kujikinga radi. Uyoga wa porini mtoto asichume bila mkubwa anayeujua, na asionje hata kipande.

## Hatua ya 10: Ukaguzi wa maji, kila Jumamosi ya masika

Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini. Yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja hadi mbili, ndiyo maana ukaguzi ni wa kila wiki.

Zungukeni uwanja pamoja. Mtoto ndiye mkaguzi: anatafuta kopo, tairi, sufuria iliyotoboka, kila kinachoshika maji. Vidogo anamwaga na kuvifunika chini juu. Mbu wa malaria hupenda zaidi vidimbwi vya ardhini na nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, kwa hiyo hapo alete udongo kwa kisado na afukie. Mwonyeshe viluwiluwi wanavyojinyonganyonga kabla hamjamwaga. Akishawaona mara moja, Jumamosi ijayo ataanza yeye kukukumbusha. Chandarua kinabaki palepale.

## Mtoto akikwama

Anaacha katikati. Kipimo ni kikubwa. Badala ya kopo zima, nusu. Usimpe hotuba.

Anataka alipwe. Mimi silipi kazi ya chakula tunachokula wote. Kilichouzwa ni habari nyingine: michembe ikienda sokoni, fungu moja liwe lake na ahesabiwe chenji yake mkononi.

Wa kiume anasema ungo ni wa wasichana. Mpe ungo. Wa kike mpe kijiti cha kuku.

Wanagombea kifaa. Usinunue cha pili. Mmoja abangue, mwingine achambue, kopo likijaa wabadilishane. Mwenye ungo hawezi kuendelea mpaka mwenzake amletee, na kelele zinahamia kwenye "fanya haraka".